Mwandiko Aliotufundisha Baba

Lavenham, 4 Machi 1664

Kwa mdogo wangu Josias Thurlow, London.

Barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Lettice. Sisi tupo. Mama miguu imemvimba lakini mdomo haujavimba. Juzi amemfukuza kasisi mlangoni kwa kuchelewa kuja kutoa pole. "Miezi miwili?" kamwambia. "Pole yako imeshachacha, kawape nguruwe." Tamsin ameota meno mawili ya mbele na anasema mjomba lazima ayaone kabla hayajazeeka.

Sasa niseme lililonikalisha. Nathan wangu yuko ardhini tangu Januari. Wewe ulikuja mazikoni, ulimwona. Mfumaji wa sufu, mtu asiyemkanyaga hata panya, amekamatwa ghalani akisali na wenzake kumi na wawili bila kitabu cha Kanisa la Mfalme. Akalazwa sakafuni gerezani majuma kumi na moja, akarudishwa kwangu maiti juu ya gari la nyasi. Tangu hapo watu wananiambia nishukuru amepumzika. Nimechoka kushukuru.

Nimemtungia shairi, beti kumi na mbili. Nimeandika jikoni, na Mama hajui. Kila akiniona na kalamu anadhani nakuandikia wewe, anasema, "Mwambie ale." Nimempa Gedge mchukuzi karatasi hizo ndani ya kapu la jibini. Nataka uzichape, Josias. Bila jina, kwenye karatasi moja kama nyimbo zinazouzwa sokoni, watu wajue alikufaje. Wewe una mtambo, mimi sina kitu ila haya maneno. Ukikataa sitakulaumu, lakini nitajua kuwa uliogopa.

Dada yako, Damaris


London, 23 Machi 1664

Dada,

Salamu zimefika na jibini limefika. Lettice ameling'ata likamvunja kipande cha jino, kwa hiyo mwambie mpwa wangu ayaweke meno yake mapya mbali na jibini la Suffolk. Mwambie Mama ninakula.

Nililisoma shairi lako nikiwa nimesimama, ikabidi nikae. Lettice akaiona karatasi mezani akaniuliza, "Haya umeyaandika lini, na mjane ni nani?" Hakuamini kuwa si mimi. Ni mwandiko wa Baba, Dada. Alituchapa vidole kwa rula moja ili tumsaidie kunakili hati za watu, mpaka herufi zako na zangu zikawa pacha. Nilicheka.

Ila ubeti wa tisa sikuuchekea.

*Mume wangu amelala, chini bila hata shuka,*
*Na mfalme hulala, hariri kajifunika,*
*Siku moja atalala, udongo utamfika,*
*Ndipo tutapowapima, nani mrefu hakika.*

Unasema jambo analolijua kila mchimba kaburi. Lakini siku hizi kusema Mfalme atakufa ni kumwazia kifo, na kumwazia kifo ni uhaini. Hawasomi kama sisi, wanasoma kama mbwa anavyonusa. Niruhusu niutoe huo mmoja, nitachapa kumi na moja. Nijibu.

Josias


Lavenham, 2 Aprili 1664

Mdogo wangu,

Wote wazima, Mama anakusalimu.

Ubeti wa tisa ndio shairi. Ukiutoa, nirudishie lote.

Damaris


London, 19 Aprili 1664

Dada,

Lettice hajambo, anasema amekusamehe jino.

Imekwisha. Nimelipanga mwenyewe, herufi kwa herufi, siku ya sikukuu vibarua wangu walipokwenda kunywa. Nimepaka wino mwenyewe, nimevuta mtambo mwenyewe, na mabega yananiuma kama ya punda. Karatasi mia tatu. Wauza nyimbo wamezichukua bila kujua zimetoka wapi. Hakuna jina lako, hakuna jina langu, hakuna kibali, na usiniulize kuhusu kibali.

Karatasi zako nimezichoma. Zilikuwa nzuri, nilisikitika. Nawe uchome kila ulichobaki nacho, kuanzia kile ulichoandika kwanza mpaka vipande. Leo, kabla ya kula. Wakinishika mimi peke yangu ni mchapaji tu, na mchapaji husimamishwa sokoni shingo ikiwa imebanwa ubaoni, watu wakamrushia mayai, akaenda nyumbani kuoga. Anayenyongwa ni mtunzi.

Josias


Lavenham, 6 Mei 1664

Mdogo wangu mpenzi,

Mama amepata nafuu ya miguu na sasa anatufuata hadi kwa jirani kutukosoa. Tamsin anakutumia mchoro wa kuku. Yeye anasema ni kuku.

Shairi ulilochapa limefika hadi huku. Jumanne nilikuwa sokoni nanunua njegere, nikasikia mwanamke wa samaki akiliimba kwa sauti ya ule wimbo wa wavunaji. Alikuwa amekosea maneno mawili na sikumsahihisha. Mzee mmoja alivua kofia. Nilisimama pale na njegere zangu nikalia, watu wakadhani namlilia Nathan, nami nilikuwa na furaha, Josias. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu azikwe.

Kuhusu lile uliloagiza, nimefanya.

Damaris


London, 30 Mei 1664

Dada,

Sote wazima. Lettice anakusalimu. Mtambo unapumzika kidogo kwa hiyo nami napumzika. Usitume tena barua nyumbani, tumehamahama. Mwachie Gedge, ataziacha ile nyumba ya wageni ya Bishopsgate na mtu atanichukulia. Ukiona mwandiko umepinda ni kwa sababu naandikia gotini.

Hivi kweli ulichoma vyote? Jibu kwa neno moja.

Josias


Lavenham, 9 Juni 1664

Mdogo wangu,

Ndiyo.

Lakini kwa nini unaandikia gotini? Meza yako iko wapi? Barua yako inanuka siki na moshi, na Lettice hakunitania hata kidogo, naye hajawahi kuacha. Mama amenitazama nikiisoma akauliza una nini. Nimemwambia una kazi nyingi. Niambie nimwambie nini kesho.

Damaris


Lavenham, 14 Julai 1664

Josias,

Sikusalimu. Majuma matano nimekaa bila jibu, na leo nimemsubiri Gedge njiani kabla hajafungua farasi. Nilimwuliza mdogo wangu anahamia wapi kila siku.

Akaangalia kwato za farasi. "Mama Tamsin, mimi ni mchukuzi. Nabeba mizigo, sibebi habari."

"Basi shusha huo mzigo."

"Aliniapisha."

"Mimi nakuapisha upya."

Akafungua mkanda mmoja wa farasi, kisha akasema, "Hajahama. Amehamishwa. Yuko gerezani tangu Aprili ishirini na tisa. Wauza nyimbo walipigwa mpaka mmoja akakumbuka mlango. Mke wake ndiye anayepeleka barua, anazificha kwenye mkate." Halafu mwanamume yule mzima, mwenye sauti ya kuwatisha ng'ombe, akaanza kujifuta pua kwa mkono. "Anajichekea mle ndani, mama. Ndilo linaloniumiza."

Kwa hiyo nilipokuwa sokoni nikilia kwa furaha, wewe ulikuwa tayari na pingu. Na ukaniandikia kuwa mtambo unapumzika.

Nakuja. Nitawaambia ni mimi. Nathan alikufa gerezani nami nikabaki nakanda mikate; sitakanda tena wewe ukiwa humo.

Damaris


London, 22 Julai 1664

Dada yangu,

Usije. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba unishushe juu ya ghala nilipokuwa mdogo, unakumbuka ulivyokuwa unakataa.

Nisikilize vizuri. Wananiuliza kitu kimoja kila siku, mtunzi ni nani. Nami najibu kitu kimoja: nilizikuta karatasi mlangoni, nikachapa kwa sababu mimi ni mpumbavu. Upumbavu haunyongwi. Bwana mmoja anayejua mambo ya mahakama amemwambia Lettice kuwa bila mtunzi hawana la kufanya ila kunisimamisha sokoni na kunivunjia mtambo. Nitakuwa mchapaji asiye na mtambo. Nitakuja Lavenham nikuudhi kila siku.

Ukija wewe, je? Mwanamume mhaini hunyongwa. Mwanamke huchomwa moto. Tamsin atabaki na nani, na Mama mwenye miguu ile? Kesi ni mwanzoni mwa Septemba. Kaa hapo ulipo, kaa juu ya mikono yako ikibidi. Mwambie Mama ninakula, na huu si uongo, Lettice analeta mkate.

Homa ya huku imewachukua wawili pembeni yangu. Mimi bado.

Josias


Lavenham, 12 Agosti 1664

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa Mama. Nimemwambia umesafiri kwenda kununua karatasi. Ameuliza karatasi gani za kununuliwa miezi mitatu. Njegere zimekuja nyingi mwaka huu, nyuki wamehama, Tamsin ameanguka mtini ila hakuvunjika. Jirani yetu amejifungua pacha. Sijui niandike nini kingine kabla ya hili.

Sikuchoma vyote. Nilibakiza karatasi moja, ile ya kwanza kabisa, yenye ubeti wa tisa nilivyouhangaikia: mistari niliyofuta, maneno niliyobadili, doa la chozi au la mchuzi, sijui. Ilikuwa ndani ya Biblia ya Nathan. Niliishika juu ya moto mara tatu. Ndicho kitu pekee duniani kinachoonyesha kuwa niliumia.

Jumatatu Gedge alileta habari kuwa homa imekuingia. Sikulala tena. Nimewaandikia waheshimiwa majaji, kwa adabu, kwamba mimi Damaris, mjane wa Nathan, ndiye mtunzi, na mdogo wangu hakujua alichochapa. Nikaiambatanisha ile karatasi iwe ushahidi. Mtu hafutifuti maneno ya mwenzake. Wakiona nilivyokata na kurudia watajua ni ya aliyetunga. Imekwenda kwa mkono wa mwingine, kwa sababu Gedge alikataa.

Waje kunichukua. Tamsin nimempangia kwa dada wa Nathan. Usinikasirikie, na kama utakasirika, kasirika ukiwa nyumbani kwako.

Damaris


London, 7 Septemba 1664, Jumatano

Dada,

Lettice yupo kwa mama yake. Anakusalimu, au angekusalimu kama angekuwa anazungumza. Homa imeniacha. Mwambie Mama chochote utakachoona.

Hawatakuja kukuchukua. Nakuandikia hilo kwanza ili uweze kusoma mengine umekaa.

Walileta mezani vitu vitatu: karatasi yako ya kufutafuta, barua yako kwa majaji, na daftari langu la kazini walilolikuta karakanani. Wakamwita mzee mmoja ambaye kazi yake ni kutazama miandiko. Hakuvaa hata miwani vizuri. Akasema, "Mkono mmoja, mheshimiwa. Vyote vitatu."

Ikawa hivi: shairi nimelitunga mimi, kwa kuwa rasimu ni ya mkono wangu. Na ile barua nayo nimeiandika mimi humu gerezani, nikaweka jina lako, nikaitoa ndani ya mkate. Nilijaribu kuwaambia juu ya Baba. Mwanasheria wao akacheka. "Baba gani humfundisha binti mwandiko wa makarani?" Walikuwa wamemtuma mtu huko kwenu kwa karani wa parokia, naye akatoa ile hati ya mali za Nathan uliyoikubali Februari. Chini yake, penye jina la mjane, pana msalaba. Basi mjane hajui kuandika. Kesi ikaisha pale. Jaji akasema amewahi kuona wahaini wengi ila hajaona mwanamume anayejificha nyuma ya gauni la dada yake aliyefiwa.

Akaniuliza kama nina neno. Nilikuwa nalo, Dada. Ningesema, "Mleteni, mpeni kalamu aandike mbele yenu," na ingetosha. Ningerudi nyumbani. Sitakudanganya kuwa sikuliwaza. Nililiwaza muda wote jaji alipokuwa anakunywa maji. Alipoweka kikombe chini nikasema, "Ni langu."

Nimekukasirikia siku tatu, tangu Jumapili waliponionyesha ile karatasi. Nilikuomba kitu kimoja tu. Leo hasira imeisha, si kwa wema wangu, nimechoka nayo. Hata mimi ningeshindwa kuichoma.

Na jambo moja nadhani ni haki yako. Kabla ya kusoma hukumu, jaji aliusoma ubeti wa tisa kwa sauti, taratibu, halafu akasema, "Ni hasara. Mtu huyu alijua kutunga." Nikainamisha kichwa kama mtu anayesifiwa. Sijui kama kuna mwingine atakayekusifu, kwa hiyo nimekufikishia.

Wataninyonga Jumamosi asubuhi. Gedge anaondoka kesho, atafika kwako Jumamosi jioni. Nimehesabu hivyo makusudi. Usije mbio, hakuna pa kukimbilia. Usimwambie mtu kuwa ni wewe. Hilo nimelinunua ghali, usilitupe.

Mdogo wako, Josias


Lavenham, 1 Oktoba 1664

Mdogo wangu,

Hii Gedge hataichukua, lakini sijui kukaa na kalamu bila kukuandikia. Mama amepona miguu. Tamsin yupo. Lettice amekuja kukaa nasi, hasemi nami, anamsuka Tamsin nywele na kumfunga utepe.

Nikueleze juu ya msalaba. Siku ile karani alikuja na hati, akachovya kalamu, akaweka kidole chake kwenye karatasi akasema, "Hapa, mama, msalaba mmoja tu." Hakuniuliza kama najua kuandika. Wake za wafumaji hawaulizwi. Nilikuwa nimelia tangu alfajiri, wanaume wanne wamesimama jikoni kwangu wanasubiri, nikaona uvivu kuwashangaza. Nikachora msalaba. Ulinichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Nilikwenda London, nilifika Jumatano, siku nne baada ya wewe kunyongwa. Nilimwambia mlinzi wa mlango wa mahakama kuwa mimi ndiye mtunzi, anipe karatasi nimwonyeshe. Akaniita mama, akanishika kiwiko kwa upole, akanitafutia gari la kurudi. Hakunikemea hata kidogo.

Sasa shairi lako linauzwa wazi. Wamelichapa upya bila ubeti wa tisa, na mchoro wa mtu anayenyongwa, na jina lako kwa herufi kubwa juu: Shairi la Josias Thurlow, Mchapaji, na Majuto Yake ya Mwisho. Majuto yametungwa na mtu asiyejua vina. Muuzaji alipita hapa Jumanne na Mama akanunua moja, yeye asiyejua hata a. Akaja nayo jikoni akanikalisha.

"Nisomee alichoandika mwanangu."

Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho mikono ikiwa mapajani. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa na moyo wa namna hii. Miaka yote nilidhani ni mtu wa mizaha tu." Akaikunja karatasi, akaikunjua. "Alimpenda Nathan kuliko nilivyojua. Wewe mkewe umekaa miezi tisa humu ndani hukumtungia hata mstari. Ikabidi mdogo wako amlilie kwa niaba yako, na hilo ndilo lililomuua."

Lettice alikuwa mlangoni. Ndiye pekee humu ndani anayejua, naye alinitazama kuona nitasema nini.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Soma tena," akasema Mama. "Na safari hii usilie, unamharibia."

Damaris